Majivu ya Mbuzi wa Mwisho

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Mlolongo, na jiko letu la nyama choma alilitengeneza mwenyewe kwa pipa lililopasuliwa katikati. Alikuwa na maringo nalo! Mgeni akifika kwetu Muthetheni, kabla hata ya kupewa maji ya kunawa, alionyeshwa jiko. Kwamba vidirisha vya pembeni ukivifungua moto unapanda, ukivifunga unatulia. Kwamba wavu una ngazi tatu, na mbuzi mzee huanzia ya juu kwa sababu hataki haraka. Kwamba mishikio ni ya mti, maana mke wake ana mikono laini. Mikono yangu ina sugu za jembe tangu utotoni, lakini uongo huo niliupenda.

Jambo moja tu lilimfanya mkali. Chini kulikuwa na droo ya majivu, na kila asubuhi baada ya kuchoma lazima imwagwe.

"Jivu inakula chuma, mama watoto," aliniambia. "Ikishika maji inakula polepole, hata hujui."

Nami nilimjibu kwamba mtu asiyekumbuka kunyoa ndevu asinifundishe usafi.

Krismasi yake ya mwisho alichoma mbuzi akiwa ameketi kitini, miguu imeisha nguvu. Alionja kipande kimoja, akasema hakina chumvi. Chumvi ilikuwepo. Kesho yake asubuhi tulimpeleka hospitali, na hakurudi.

Droo sikuimwaga. Watu walinieleza mengi kuhusu kufiwa, lakini hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kuyapenda majivu. Ile ndiyo iliyokuwa kazi ya mwisho ya mikono yake, na sikuwa tayari kuitupa kwenye migomba. Nilifunika jiko kwa gunia, nikaliacha nyuma ya nyumba. Watoto walipoliomba niliwafokea. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena.

Krismasi iliyopita mdogo wake alikuja na mbuzi, akaniomba jiko. Nilikubali kwa sharti kwamba majivu nitayatoa mwenyewe niyahifadhi. Nilikuwa hata nimeosha mkebe. Tukalishika huku na huku ili tulisogeze uani kwanza. Tulipolinyanyua, chini pakakatika. Droo na tumbo la pipa vilianguka vipande vipande, vimeliwa na kutu, na majivu yakatawanyika kwenye matope.

"Woi, shemeji, pole," alisema. "Hii ilioza kitambo. Kwani hamkuwa mnamwaga jivu?"

Nilikaa chini palepale nikalia kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Mume wangu alinionya kwa mdomo wake, si mara moja, na kwa kumng'ang'ania nimemwozeshea jiko lake. Shemeji alikusanya vyuma. Mimi nilikuwa bado nimeshika mshikio wa upande wangu, ule wa mti, uliotengenezewa mikono laini.