Mwanga wa Upande wa Kulia

Saa moja na dakika ishirini jioni nilikuwa ndiyo kwanza nimezima mashine. Nakumbuka dakika kwa sababu kila ninapozima injini ya kusaga huangalia saa ya simu, nijue kama dizeli iliyokwenda inalingana na muda wa kazi. Ni mazoea ya miaka mingi. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, wakati mahindi mapya yamekauka na foleni ya madebe inafika hadi barabarani, na baridi ya kijiji chetu cha Nambis ilikuwa imeanza kushuka. Jirani yetu, mzee aliyekuwa katekista kabla ya kustaafu, alikuwa ametoka nje kumfunga punda wake mzigo wa unga. Akaniita kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita mwenzake aone nyoka bila kumshtua.

Upande wa kusini, kule ambako siku ya anga safi tunauona Mlima Hanang kwa mbali, kulikuwa na taa angani. Ilikuwa nyeupe, kubwa kuliko nyota yoyote, na haikuwa na sauti. Ilisogea polepole kuelekea mashariki, na kuizunguka kulikuwa na kitu kama mvuke, duara lililozidi kupanuka kadiri taa ilivyokwenda, mpaka likawa pana na jepesi kama vumbi la unga ndani ya chumba changu cha mashine. Kisha taa ikafifia na duara likafifia nyuma yake. Mzee alivua kofia. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni pa zizi na kibuyu cha maziwa mkononi, naye aliiona, maana nilimsikia akisema kwa Kiiraqw yale maneno ya baraka ambayo wazee huyasema wakiomba mvua.

Mashine ya kusaga ni mahali ambapo habari hufika kabla ya mahindi. Asubuhi iliyofuata kila mtu alikuja na taa yake. Mmoja aliiona juu ya kanisa. Mwingine aliiona ikishuka bondeni na kuzimika kwenye mto. Dereva wa bodaboda alisema ilimfuata mpaka kwao, na alipozima pikipiki nayo ikazima. Wenye simu kubwa walisema ni mitambo ya intaneti, wengine roketi ya nchi fulani, na mama mmoja aliyekuja kusaga uwele alisema hizo zote ni njia za kukwepa kutubu.

Mimi niliishia darasa la saba. Injini nilijifunza kwa kitabu kisicho na jalada, cha Kiingereza, nikilinganisha picha na chuma kilicho mbele yangu na kutafuta maneno kwenye kamusi ya kuazima. Kilichonikaa kutoka kwenye kitabu kile ni hiki: mashine ikigoma, usianze kuuliza kwa nini. Uliza ni wapi, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo sikumwuliza mtu taa ilikuwa nini. Nilimwuliza alisimama wapi, na kama ni karibu nilikwenda naye mpaka pale, nikamwomba alaze fimbo yake chini ielekee alikoiona. Kwetu mwanaume hatembei bila fimbo, na wanawake walitumia mpini wa jembe.

Yule mzee alinicheka mbele ya foleni nzima. Alisema nimekuwa mpima ardhi wa mbinguni, na akauliza kama nitatoa na hati.

Lakini fimbo zilikubaliana. Zote zilitazama kusini. Hata aliyesema juu ya kanisa, kanisa lilikuwa kusini kwake, na aliyesema mtoni, mto uko kusini kwake. Dereva wa bodaboda alikubali kwa shingo upande kwamba njia ya kwao nayo inakwenda kusini. Walikuwa wameona taa moja.

Jioni nikampigia rafiki wa familia yetu, mfugaji wa Kibarabaig aliye uwandani karibu na mlima, chini ya Nangwa. Urafiki huo aliuanza baba yangu. Ng'ombe wetu kadhaa hukaa kwake na yeye hunywa maziwa yao, kama ilivyo desturi, kwa sababu mwenye akili haweki ng'ombe wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, anabaki na kitu mahali pengine. Naye alikuwa ameiona. Alikuwa na wasiwasi, na nilijua ni wa nini. Tangu mlima ulipomwaga matope, watu wa Hanang hawapendi jambo lolote geni upande wake. Nilimwuliza: ukiutazama mlima kutoka nyumbani, taa ilikuwa mkono gani? Akasema kushoto, mbali sana na mlima. Basi haikuwa mlimani. Akasema atawaambia wake zake walale.

Nilidhani kazi yangu imeishia hapo. Ila kwa mama taa haikuisha.

Jumamosi aliniambia ameiona tena, akitoka kuangalia ndama. Jumapili akaiona tena, mara mbili. Hakuna mwingine aliyeiona. Mama ana miaka sabini na kitu, hajui kutia chumvi, na tangu baba afariki huamka gizani kusali peke yake. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alisema inakuja kama mtu anayepita mlangoni na taa ya kandili, pembeni, halafu imeondoka. Alifurahi. Niliona furaha hiyo hata alivyobeba ndoo. Habari zikafika kwa yule mzee, naye hakucheka tena. Alizungumza na wazee wa kanisa, na mama akapangiwa kutoa ushuhuda Jumapili inayofuata. Alianza kukipiga pasi kitenge chake tangu Jumatatu.

Nilimwomba naye alaze fimbo. Jumamosi fimbo yake ilitazama ghala la mahindi. Jumapili ilitazama kwa jirani, upande mwingine kabisa. Fimbo za watu wengine zilikubaliana wakiwa mbalimbali, na za mama peke yake zikagombana akiwa uani kwake. Jambo hilo lilinikera kama sauti ndogo ndani ya injini ambayo mteja hawezi kuisikia.

Kulikuwa na jambo jingine. Wiki ile mama alichuja maziwa mara tatu tatu akisema yana masizi. Niliyaangalia, yalikuwa safi. Na alikuwa akipunga mkono mbele ya uso kufukuza nzi, katika baridi ambayo hata nzi wa zizini walikuwa hawaruki.

Jumanne jioni nilisimama naye uani. Nilimwambia atazame zizi. Tulingoja, akigeuza macho huku na huku, mpaka akasema, "Ile, imepita." Mkono gani? Kulia. Nikalaza fimbo. Nikamwomba ageuke atazame jiko. Tukangoja. Kulia. Nikalaza nyingine. Tukafanya hivyo pande zote nne, na zilipoisha, fimbo zilikuwa zimetoka pale alipokanyaga kama spoku za gurudumu la baiskeli.

"Sasa fumba macho, mama. Yote mawili."

"Nimefumba."

"Yageuze ndani humo humo, kama ulivyokuwa ukifanya. Bado unaiona?"

Aliyageuza tena, kope zikicheza. Mbwa wa jirani alibweka, akanyamaza.

"Naiona," alisema.

Alifumbua macho akaziangalia fimbo chini. Hakuhitaji nimweleze. Alikwenda kukaa kwenye kigoda cha kukamulia, akasema nimemfungua kama ninavyoifungua mashine yangu, na kwamba angependa kujua kama nina hakika nitaweza kumfunga tena. Nilisema sina hakika. Sikujua hata ugonjwa wenyewe unaitwaje.

Nilimpigia tabibu wa zahanati. Aliuliza maswali mafupi. Anaona nzi au masizi? Ndiyo. Tangu lini? Karibu wiki. Kuna pazia jeusi linalofunika upande wowote? Nikamwuliza mama, hakuna. Tabibu alisema nyuma ya jicho kuna utando mwembamba, na huenda umeanza kuchanika, maana ukivutwa huonyesha mwanga hata macho yakiwa yamefumbwa. Ukiwa umechanika tu, unaweza kushikizwa. Ukibanduka, pazia likaanza kushuka, jicho linaweza kupotea lote. Alisema niende naye kwa daktari wa macho Arusha, na nisiseme wiki ijayo.

Mama alisema baada ya Jumapili.

Sikubishana naye, mama hashindwi kwa maneno. Nilikwenda kwa mzee usiku uleule nikamweleza yote, nikitegemea ataumia, kwa sababu alikuwa ameshawaambia watu wa vigango, makanisa madogo ya jirani. Alisikiliza akiwa amejifunga blanketi. Kisha akasema, "Mpeleke. Maziwa huchacha, ushuhuda hauchachi." Akaja na mimi mpaka kwetu kumwambia hivyo mwenyewe.

Mama alitusikiliza sote wawili. Alikuwa amekikunja kitenge mapajani. Alichosema ninakihifadhi mpaka leo: "Kama ni mwanga wa Mungu, hautanikimbia nikienda Arusha. Kama ni wa jicho, utakimbia na jicho." Akaniuliza basi linaondoka saa ngapi.

Kilichobaki kilikuwa fedha. Zangu zote zilikuwa zimeingia kwenye mkanda mpya wa mashine na dizeli ya msimu. Nikampigia rafiki yetu wa uwandani, nikamwambia dume la mama lililo kwake liuzwe. Mnada ulikuwa bado siku kadhaa. Aliuliza jicho lipi, nikasema nadhani la kulia, kwa kuwa taa hupita kulia. Akasema, "Miaka miwili nimemlisha huyu dume bila kujua kwamba nalisha jicho." Kabla hatujalala simu ililia: alikuwa ametuma laki tano, zake mwenyewe. Dume litauzwa siku yake, alisema, tutahesabiana baadaye. Na nimpe mama shikamoo yake. Nilimpa. Mama alisema marahaba, akageukia ukutani. Nadhani hakutaka nimwone.

Tuliondoka alfajiri kwa bodaboda hadi Mbulu mjini, tukapanda basi la kupitia Karatu. Njia nzima mama alikuwa na shuka kichwani na kiganja juu ya jicho, kama mtu anayezuia mshumaa usizimwe na upepo. Karibu na Makuyuni aliniuliza ile ya kwanza, ya Alhamisi, nayo ilikuwa ya jicho?

Nilimwambia hapana. Ile tuliiona wote, na fimbo zilikubaliana.

"Basi ilikuwa nini?"

"Sijui, mama."

Alibadilisha mkono uliofunika jicho. "Vizuri," alisema. "Basi imebaki moja."

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana. Alimsalimia mama shikamoo kabla ya kugusa chochote, na nilimpenda kwa hilo. Alimtia matone, akamwangalia kwa muda mrefu, akasema utando umechanika sehemu moja, upande unaotokeza mwanga kulia, na haujabanduka. Aliuliza nani aliyemwambia aje mapema. Wengi wa umri wake huja pazia likiwa limeshashuka, na wengine wamekaa nalo mwezi mzima wakidhani ni uzee. Mama akanionyesha kwa kidevu, akasema, "Huyu. Ni fundi wa mashine." Walimtibu siku ileile kwa mionzi ya leza, mwanga mkali unaoshikiza utando kuzunguka palipochanika. Alipotoka aliniambia kwamba humo ndani ameona mwanga mwingi kuliko siku zote za nyuma zikijumlishwa, na wa kijani.

Zile taa za pembeni ziliendelea kwa wiki chache, zikipungua, kama daktari alivyosema. Sasa hazipo. Nzi mmoja amebaki. Mama amemzoea, anasema hali kitu. Jicho linaona, na maziwa anayachuja mara moja.

Kuhusu taa ya Alhamisi, nimesoma nilichoweza kupata. Roketi ikimwaga mafuta yaliyobaki huko juu inaweza kufanya duara la namna ile, lakini sijapata mtu wa kunithibitishia kwamba ilipita roketi jioni ile juu yetu. Kwa hiyo mtu akiuliza mashineni, nasema sijui. Najua ilikuwa kusini, najua haikuwa mlimani, na najua kwamba isingepita, nisingelaza fimbo yoyote chini, na fimbo za mama zisingepata za kugombana nazo. Hilo linanitosha kushukuru, na humshukuru anayestahili, hata kama siijui njia aliyotumia.

Mama alitoa ushuhuda wake Jumapili ya pili baada ya kurudi, akiwa amevaa kile kitenge. Watu walikuja wengi, hata wa vigango vya mbali, wakitarajia kusikia ya malaika. Alisimulia taa ya kwanza jinsi alivyoiona, na hakuongeza. Kisha akawaambia wazee wenzake: ukiona mwanga peke yako, fumba macho, ukiendelea kuuona, usisubiri Jumapili. Yule mzee, aliyekaa mbele, alifumba macho palepale kujaribu, na kanisa likacheka.

Usiku wa kuamkia siku ile mama alikuwa amenikalisha tujumlishe gharama zote, kuanzia bodaboda hadi matone ya mwisho, kwa sababu alisema mtu hukaa nyumbani na ugonjwa wake kwa kuogopa bei asiyoijua. Kilichobaki cha zile laki tano alikuwa ameshamrudishia rafiki yetu wa uwandani. Kwa hiyo hakumaliza kwa amina. Alimaliza kwa kuwatajia bei ya jicho, akiitamka taratibu, mara mbili, ili wa nyuma wasikie: shilingi laki nne, elfu kumi na mbili na mia tano.