Gari Lililofukizwa Udi

Juzi Darajani nilimwona bwana mmoja akichagua gari kuukuu. Alipiga honi, akajitazama kiooni, akaridhika. Nikamkumbuka ami yangu, mjinga wa aina hiyohiyo.

Mchana mmoja wa zamani, pale Kikwajuni, gari alilolitaka lilinukia udi hadi uchochoroni. Mimi, mtoto, nilidhani wamelifukiza kama bibi harusi. Ami, na ndevu zake zote, alidhani hivyohivyo. Sasa najua kwamba udi ule ulificha uvundo wa zulia lililooza.

Mama akamwambia, "Shemeji, funua zulia utazame chini."

"Nyie wanawake mnajua nini habari za gari?"

Akapanda kwa mbwembwe, akakanyaga. Mguu ukatoboa bati lililoliwa na chumvi, ukatua barabarani. Ami akauchomoa, akaisifu honi, akalinunua.