Korona wa Kambini

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kupima macho kwenye kliniki moja kule Raskazone. Nimeketi kwenye benchi na wenzangu, feni inazunguka, kila mtu na simu yake, mara nesi akatokeza mlangoni na kuita, "Korona!" Ungeliona benchi lile lilivyotikisika. Mama aliyekaa kando yangu akavuta ushungi ukamfunika pua. Bwana mmoja akasimama kabisa. Nami nikainuka, kama nilivyozoea, nikasema, "Ni mimi jamani, msiogope, ndilo jina langu." Watu wakacheka, nesi naye akacheka, isipokuwa mzee mmoja aliyekaa mwisho wa benchi. Alinitazama sana, kisha akauliza, "We mjukuu wa Korona wa kambini? Kule Maramba?" Nikamwambia ndiye. "Nilijua," akasema. "Umechukua pua yake."

Miaka mingapi sijasikia mtu akimtaja bibi yangu hivyo! Macho nilipimwa, lakini hata sikumbuki niliambiwa nini. Akili yangu ilikuwa imeshapanda basi kurudi kambini.

Korona, ndugu yangu, kabla haijawa ugonjwa ilikuwa mashine. Ni ile mashine kubwa ya kukamulia mkonge: inameza majani upande huu, inatapika nyuzi upande wa pili, na kelele zake zinafika mbali kuliko kengele ya kanisa. Baba yake bibi alitoka Songea kama manamba, kibarua wa shamba la mkonge, akapewa chumba kambini na kupangiwa kazi hapo. Siku moja mkewe, mimba ikiwa imefika ukingoni, alimpelekea mumewe ugali na mlenda, na uchungu ukamkamata palepale, hatua chache kutoka kwenye mashine. Wanawake waliokuwa wakianika nyuzi wakamzungushia kanga. Mtu akamkimbilia msimamizi kumwomba azime mashine. Msimamizi akajibu kwamba korona haizimwi bila ruhusa ya bwana mkubwa, na bwana mkubwa yuko Tanga mjini. Basi mtoto akazaliwa mashine ikinguruma, akalia kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyemsikia. Wakamwita Korona.

Bibi alikuwa akisimulia habari hiyo kama mtu aliyesimama pembeni akiitazama. Naye alikuwa na sauti, sijapata kuona. Kunong'ona hakukujua. Akikunong'oneza siri, jirani wa nyumba ya tatu alikuwa anajibu, "Kweli kabisa!" Kanisani foleni ya kitubio ilikuwa inasogea karibu zaidi ikifika zamu yake, mpaka padri akamwomba kwa upole awe anakuja siku za katikati ya wiki, kanisa likiwa tupu.

Wazazi wangu walifanya kazi mjini, mimi nikalelewa na yeye. Nilikuwa mjukuu wake wa kwanza wa kike, kwa hiyo jina halikujadiliwa. Mama alijaribu kupendekeza majina mazuri mazuri. Bibi akasema, "Huyu ni wajina wangu," yakaisha. Asubuhi tuliamshwa na king'ora cha kiwandani. Nilichota maji, nikafagia uwanja, kisha nikala muhogo wa nazi uliolala kwenye chungu, na samaki wa kukaanga akiwa amepita yule muuza samaki wa baiskeli aliyewatoa Kigombe. Hewa yote ilinuka makapi ya mkonge, harufu kali ya uchachu. Mgeni alikunja uso. Sisi tukitoka kambini tulikuwa tunaona pua zimepungukiwa kitu.

Shida yangu ilikuwa shuleni. Nikiingia darasani wenzangu walianza kunguruma, mstari mzima, "Vuuuuu!" Mmoja alikuwa akinichomekea majani mgongoni na kungoja nitoe nyuzi. Kwa hiyo usishangae nilivyofurahi alipokuja katekista mpya, kijana mwenye kola iliyonyooka, akaanza kutuandaa kwa kipaimara. Alipofika kwangu akaweka kalamu chini.

"Korona si jina la Kikristo," akasema. "Ni mashine. Kesho si mtaniletea na Trekta?"

"Nipo, mwalimu," ikajibu sauti kutoka nyuma. Alikuwa mtoto wa dereva wa shamba.

Katekista akafuta jasho. Akanitaka nichague jina jingine, na mimi nilikuwa nalo tayari kifuani siku nyingi: Jaklini. Sikumjua Jaklini yeyote. Nililisikia redioni, nikaliona kama gauni la kitambaa laini. Njia nzima nilikuwa najiita mwenyewe na kujiitikia.

Bibi alikuwa anakuna nazi. Nilipomweleza, akaacha kukuna.

"Jaklini ndiyo nini? Sabuni?"

"Ni jina, bibi."

"Na letu ni nini?" Sauti ilipaa, kuku wakatawanyika. Jirani yetu, Mdigo mmoja mcheshi ambaye alikuwa shoga yake tangu usichana, akaita kutoka uani kwake, "Shoga, kuna msiba huko?"

"Upo! Wanaliua jina langu!"

Kesho yake tukaenda parokiani, bibi mbele, mimi nyuma nikiomba ardhi inimeze, na jirani kati yetu akiwa na buibui lake. Paroko alikuwa na mgeni, padri mzee wa Kitaliano aliyewahi kukaa miaka mingi Tanga, wamekaa barazani wanamenya machungwa. Bibi akatoa Tumsifu Yesu Kristo. Jirani akasema, "Mimi si wa huku, Baba Padri, nimekuja kusikiliza tu," akajichagulia kiti kizuri.

Bibi akamwaga mashtaka yake yote. Paroko akainamisha kichwa, anatafuta maneno ya kumpoza. Lakini yule mzee alikuwa ameacha chungwa lake.

"Nani kasema si jina la Kikristo?" akauliza. "Kwetu, mji wa jirani na nyumbani, kuna kanisa la Mtakatifu Korona. Mama alikuwa akinipeleka kwenye sikukuu yake, mwezi wa tano. Maana yake ni taji."

Nilidhani bibi ataruka kwa furaha. Badala yake alikunja uso. Hakuja kutafuta mtakatifu, alikuja kutetea mashine.

"Padri," akasema, "huyo wa kwenu alizaliwa kwenye korona ya shamba gani?"

Mzee wa watu akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatusimulia: alikuwa binti mdogo, alimwona askari Mkristo akiteswa, akajitokeza kumtia moyo mbele ya watesaji wake. Wakamkamata naye, wakamfunga kwenye mitende miwili iliyopindwa, halafu wakaiachia.

"Inna lillahi," akasema jirani. Bibi akashika tama, akanong'ona kwa namna yake, ndege wakaruka kwenye bati: "Maskini wajina wetu."

Kuanzia hapo hakuna aliyemweza. Katekista alitangaziwa na paroko, na kambi nzima ilitangaziwa na bibi. Kila mwezi wa tano alipika pilau ya wajina, na jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na sahani, akisema yeye pia alihudhuria kesi. Mimi nikapata kipaimara kwa jina la Korona, nikimtazama katekista kwa huzuni. Yeye hakupoteza kitu. Mwaka uliofuata mkewe alijifungua mtoto wa kike. Wakamwita Jaklini.

Ulipokuja ule ugonjwa, bibi alikuwa mkongwe sana, haoni vizuri, redio iko sikioni kutwa. Nilimpigia simu kumwonya, nikamkuta ameshakasirika. "Wanasema nimeingia nchini," akaniambia. "Nimeingia lini? Mimi sijatoka!" Baadaye wakaanza kufundisha namna ya kujikinga na Korona: nawa mikono, kaa mbali naye. "Nimewakosea nini?" akauliza, na jirani alikuwa akija kumsalimia ananawa kwanza mlangoni kwa mbwembwe, wanacheka wote wawili mpaka wanaomba maji.

Alifariki usingizini, kwa uzee wake tu, watu wakiwa bado wamejawa na hofu. Mwenyekiti wa kitongoji akachukua kipaza sauti kutangaza msiba. Upepo ukala maneno ya mwanzo, na kule sokoni yakafika haya tu: Korona amefariki. Soko likalipuka kwa makofi. "Alhamdulillahi, imekwisha!" Wanawake wakapiga vigelegele. Ilibidi jirani ajikongoje mpaka huko kuwaeleza, na waliopiga vigelegele ndio waliotangulia kufika msibani, wamebeba unga na kuni, hawajui waweke wapi nyuso zao.

Kwenye msalaba, mjomba alitaka liandikwe jina la ukoo peke yake, watu wasije wakaliogopa kaburi. Jirani, macho yamevimba, akamkatiza. "Andikeni Korona. Nimemwita hivyo maisha yangu yote. Nikija kumsalimia nimwite nani?" Likaandikwa, kwa herufi kubwa.

Jirani naye hayupo tena. Baada ya kile kisa cha kliniki sikutulia, Jumamosi nikapanda basi nikaenda. King'ora hakuna. Reli ndogo za kusombea majani zimeng'olewa. Nyumba za kambi zimeezuliwa, na mahali pa mkonge watu wamelima mahindi na michungwa. Nilihangaika kwenye majani mpaka mguu ukagonga zege pana, kingo zake zimeota ukoka, vyuma vya kushikilia mashine vimekatwa usawa wa ardhi. Nikasimama juu yake. Mwanamke mmoja kijana alikuwa anapalilia karibu, akanisalimu shikamoo.

Nikamwitikia, nikamuuliza, ili nipate uhakika, "Eti mwanangu, korona ilikuwa hapa?"

Akaegemea jembe, akatikisa kichwa kwa upole.

"Hapa haijafika kabisa, mama," akasema. "Tunamshukuru Mungu."