Nilidanganya kwenye kaye ya mama psikologe, sasa anasema nimepona

Masta wangu, weye mwenye uko unapitisha kidole kwenye simu, simama kidogo. Admin, jina yangu ufiche, juu hapa mutaa wa Mabanga tunajuana. Niko na miaka 23, ninatengeneza simu, kazi nilijifunza mwenyewe kwa kufungua za batu na kuziharibu. Ninaishi peke yangu.

Vita ilitukuta kijijini. Papa alisema tutoke sasa hivi. Mimi nikamuomba tungojee kidogo, simu ya kliya wangu, muteja, ijae moto ya chaji. Tukangojea. Bombe ikamukuta papa njiani. Tangu pale, simu yoyote ikilia "nimejaa", kichwa inaniambia: weye njo ulimuua. Na kazi yangu ni simu!

Nikaikala miaka mbili kwenye kambi ya bakimbizi ya Kanyaruchinya. Kule tulijifunza kitu moja: mutu akikuja na fishe, karatasi ya maulizo, usiseme yako, sema yenye anatafuta, ama jina yako inaruka kwenye liste ya musaada. Mimi njo nilikuwa ninafundisha bamama majibu.

Sasa ninaonana na mama psikologe, munganga wa mawazo, kule Murara, kila wiki siku ya tatu, Jumatano. Alinipa kaye, daftari ya kuandikia: wazo mubaya ikikuja, uiandike, uipime kwa kumi, utafute yenye inaihakikisha na yenye inaipinga. Mimi nikaingia internet, nikasoma ile namna ya kutibu yote kwa siku mbili, nikajua nambari inapaswa kushuka. Nikaishusha. Tisa, saba, tano, mbili. Nilikuwa ninajaza kaye asubuhi ya randevu, ninabadilisha kalamu za bike juu ionekane niliandika siku mbalimbali. Na wazo yenyewe sikuiandika hata mara moja. Niliandika "ninaogopa makelele".

Wiki iliyopita akafunga kaye, akacheka na furaha, akaniita kwa heshima: "Papa, umepona. Siku ya tatu yenye inakuja tunafunga dosye yako." Akaniomba nikuje kuelezea bagonjwa bapya namna nilifanya. Nikasema ndiyo. Nikaenda kulia nyuma ya choo.

Yeye peke yake njo ananiulizaka nimelalaje na anangojea jibu. Jirani yangu, mama muuza makala, nilimugusia kidogo, akanijibu: "Nyamaza, mutoto. Batu bakijua kichwa haiko sawa, nani atakuletea simu?"

Jana simu ya kliya ikalia "nimejaa". Nikachukua karatasi, nikaandika: papa alikufa juu yangu. Kumi. Nikafika kwenye sehemu ya yenye inaipinga. Nikatafuta mpaka nikakumbuka: papa mwenyewe alisema, "Sawa, ngoja nifunge mbuzi." Hata yeye mwenyewe alikubali kungojea. Nikafuta kumi, nikaandika tisa.

Ile tisa njo nambari yangu ya kwanza ya kweli. Nikiionyesha, atajua nimemudanganya miezi yote, pengine nafasi yangu atapatia mwingine. Nikiificha, atanipigia makofi na ninarudia nyumba na papa wangu kichwani.

Karatasi iko ndani ya kiatu. Siku ya tatu ni kesho. Masta, ungekuwa weye, ungeitoa?