Hondohondo wa Aina ya Tatu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kitu kilipata mnunuzi, hata ndege. Aliyekuja kwetu Mbinga alikuwa bwana wa mjini, ananukia manukato mpaka pua inawasha, mkononi karatasi yenye picha za hondohondo. Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi. Aliponiita "mtaalamu" mbele ya walimu wenzangu, kichwa kikanivimba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilimwaga na mtungi. Ptuu, hadi leo najionea kinyaa.

Nikamweleza kwamba hao ni jamaa moja, ila aina mbili. Mwenye tumbo jeupe mpaka kifuani hulia kama mtoto mchanga. Yule mkubwa, mweusi kifuani, ana pembe nene juu ya mdomo. Bwana akasema hao anao wengi, anatafuta aina ya tatu, ambayo hata kwenye karatasi haimo.

Ili nizidi kusifiwa, nikampeleka msituni, kwenye mti ambao baba mkwe wangu alikataza usiguswe. Jike la hondohondo hujifungia tunduni kutaga na kulea, mlango huzibwa kwa udongo, ukabaki ufa wa kupitishia chakula anacholetewa na dume. Baba mkwe alimwita mzazi, na kwetu mzazi habomolewi mlango. Nilitaka tu mgeni aone dume likilisha.

Watu aliokuja nao yule bwana wakabomoa kwa panga. Uvundo wa kinyesi na matunda yaliyochacha ukanifanya nizibe pua, lakini aliyenichefua hasa ni yule bwana. Alimkaba ndege shingo, akaona pembe ndogo na mkia uliopinda, akachekelea kwamba aina ya tatu ndiyo hiyo.

"Ni mama," nikamwambia. "Majike yote yana pembe ndogo, na mkia umepinda kwa kubanwa tunduni. Kinda lake hilo."

"Mwalimu, usiniharibie," akasema, akamtia jike guniani. Kinda, halina hata unyoya, likatupwa majanini kwa kuwa halikuwa na mnunuzi.

Nililifunga kwenye kilemba changu, likafia njiani. Baba mkwe alipoliona, akauliza nani aliwaonyesha watu hao mti. Nikajibu kwamba waliuona wenyewe.

Asubuhi tukalikuta dume limeng'ang'ania shina, linatapika matunda ya mkuyu, moja moja, kwenye tundu tupu. Baba mkwe alisimama kando yangu, akanishukuru kwa kujaribu kumwokoa mtoto. Nikaipokea asante yake.