Harusi ya Dada Ilivyokwama Kwenye Laptop

Ilianza Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilipochomeka flashi ya mjomba kwenye laptop yetu kuukuu, nayo ikaniambia kuikopi video ya harusi ya dada kutachukua muda wa saa kumi na moja.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa na lori la saruji kwenye foleni ya kuvukia Zambia. Baba yuko Ndola, hukohuko Zambia, anauza spea. Wiki ya harusi aliteleza akavunjika mguu, akabaki huko na plasta, uwalii wa kumwozesha dada akamwachia baba mkubwa kwa simu. Kwa hiyo hajamwona binti yake wa kwanza akiolewa. Mjomba ndiye wa kumpelekea video, na safari yake nyingine ya huko ni mpaka Idi ipite.

Simu ikaita. "Yamebaki malori tisa mbele yangu. Mkichelewa naondoka na kofia yangu tu!"

Mama akaja kusimama nyuma yangu.

"Hiyo mashine ina nini?"

"Inakopi, mama."

"Mbona hicho cha kijani hakisogei?"

"Kinasogea."

Hakikuwa kinasogea. Nikahamia tundu la pili: saa kumi na mbili. Tundu la tatu halikuitambua flashi kabisa. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa simu ya mama, simu ya jirani yetu mshonaji na redio ndogo, maana kwetu kazi kubwa ya laptop ni kuchaji vitu vya watu. Mama akanuna. Saa kumi.

Kwenye kona ya skrini kukatokea ujumbe wa Kiingereza kwamba kifaa hiki kinaweza kufanya kazi haraka zaidi. Huo ujumbe nimekuwa nikiufunga tangu kidato cha pili. Nilidhani ni ushauri wa jumla, kama ule anaoniandikia mwalimu wa hesabu kwenye ripoti.

Safari hii niliusoma mpaka mwisho, ukasema tatizo ni tundu nililochomekea. Nikazima laptop, nikaiinamisha na kumulika tundu kwa tochi ya simu. Ndani kulikuwa na kitu cheupe. Nikachokonoa polepole kwa njiti ya kiberiti, ukatoka uzi. Nikavuta, ukaja mwingine, wa pinki.

Hapo nikajua. Nyumbani kwetu kila kitu kinavaa kitambaa alichofuma mama: redio, TV, jagi, hata mtungi wa gesi. Cha laptop ni cheupe chenye maua ya pinki, na mama huzisokomeza pembe zake kwenye matundu ya pembeni ili kisidondoke.

Sasa mimi darasani nikitajwa jina tu nainamia daftari. Nimwambie mama kwamba kitambaa chake ndicho kinachomnyima baba harusi? Nikakohoa.

"Umepata nini?"

"Vumbi, mama."

"Vumbi la pinki?"

Akautazama uzi kiganjani mwangu, akakitazama kitambaa kwenye kochi. "Si ungesema nisikisokomeze! Mtoto ana mdomo wa kulia ugali tu."

Nikasafisha, nikawasha, nikachomeka. Dakika kumi na nane. Mama akapiga kigelegele, na jirani akaitikia kutoka kwake bila kujua tunashangilia nini.

Nilipofika mbio barabarani, mbele ya mjomba yalibaki malori mawili. Akaitia flashi kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Halafu foleni ikasimama, na hakuna aliyetuambia kwa nini.

Jumapili asubuhi nilimpelekea chai na chapati. Lori lilikuwa palepale. Ndani ya kabini madereva wanne wamebanana wanatazama harusi ya dada kwenye skrini ndogo ya mjomba.

"Huyu hapa!" mmoja akapiga kelele. "Si ndiye aliyejificha nyuma ya keki?"

"Shikamooni," nikasema, kwa sauti ya kusikiwa na chupa ya chai tu.

"Msimcheke mpwa wangu," mjomba akasema. "Bila yeye saa hizi mngekuwa mnatazama saruji."

Mara injini za mbele zikanguruma, madereva wakaruka chini kila mmoja na kipande chake cha chapati. Nikamwomba mjomba anionyeshe flashi. Akaichomoa, akairudisha mfukoni, akafunga kifungo mbele ya macho yangu. Nikasimama pale hadi tairi lake la mwisho lilipopita geti la mpaka. Kisha nikampigia baba, mimi mwenyewe, nikamwambia harusi imevuka.