Moshi Chini ya Kitanda cha Mama

Mume wangu ni fundi wa mabomba ya maji taka, na mimi ndiye msaidizi wake. Anayetaka kuziba pua na azibe. Mtaani wanamwita Taratibu, na jina hilo hakupewa bure. Akiitwa kwenye choo kilichoziba, mahali ambapo fundi mwingine angeshatumbukiza waya na kuondoka zake, yeye kwanza anaomba kiti. Anakaa. Anauliza nani anaoga saa ngapi, nguo zinafuliwa siku gani, bomba linakoroma upande upi. Watu wanamkodolea macho, na mimi niliyebeba mashine damu inanichemka. Nimezaa na kulea na mtu huyu, na mpaka leo sijaizoea kasi yake.

Siku hiyo tuliitwa na kinyozi mmoja, choo cha nyumbani kwake kinarudisha maji. Taratibu akapewa kiti chake, akauliza, "Nani anashinda hapa mchana kutwa?" Ndiyo desturi yake. Anasema mwenye nyumba anaijua nyumba ya asubuhi na jioni tu.

"Mama yangu," kinyozi akajibu, akaangalia chini. "Lakini tusimsumbue. Jumamosi anahamia kwa dada yangu."

Mkewe akatuvuta jikoni, akatunong'oneza. Mama mkwe wake siku hizi hajiwezi, mkojo unamtoka. Chumba kinanuka. Godoro wamebadilisha, shuka anazifua kila asubuhi, sakafu anaipiga deki, lakini wapi! Watoto hawaingii tena kumsalimia bibi yao. Wageni wakija, mlango unafungwa.

"Simchukii, jamani," akasema, machozi yakimlengalenga. "Nimechoka tu."

Nilimwamini. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni.

Tukafungua chemba ya uani, nikaanza kusukuma kamera ya waya ndani ya bomba huku Taratibu akitazama kioo. Lilikuwa bomba la zamani, la saruji. Kamera ikaenda vizuri kwa muda, halafu picha ikazama kwenye maji machafu. Tulipoivuta nyuma kidogo tukaona: bomba limepasuka juu na chini, udongo umeporomokea ndani. Taratibu akaweka alama kwenye waya pale ulipoingilia, akautoa, akaulaza juu ya ardhi kuanzia chembani. Ukavuka ua, ukaingia ndani, ukaishia kwenye mlango uliofungwa.

Akapiga hodi.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nguo zake safi, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Kabla hatujamaliza kumwamkia akasema, "Nisameheni, wanangu. Chumba changu kinanuka. Ni uzee." Alilisema upesi ili sisi tusimtangulie kulisema.

Nilikosa pa kuangalia. Moyo uliniuma, sikufichi.

"Unausikia mkojo ukikutoka, Mama?" Taratibu akamuuliza kwa sauti ya chini, kama anavyomuuliza mamake mzazi.

"Hata sisikii. Naamka nakuta shuka kavu, lakini harufu ipo. Basi nasema labda ilishakauka." Akajaribu kucheka. "Nimewachosha hawa. Acha niende nikamchoshe na binti yangu, ni zamu yake."

Taratibu akavuta hewa kwa pua, akavuta tena. Tulipotoka nje akaniambia, "Harufu ile si ya mtu, mama watoto. Ni ya bomba."

"Basi tukachukue nyundo tuvunje sakafu."

"Lete moshi."

Ala! Moshi wetu unatoka kwenye kopo, tunausukuma kwa feni ndani ya bomba, na popote penye ufa unachungulia nje. Haudhuru mtu. Lakini huo ni wa kutafutia ufa usiojulikana ulipo, na ufa huu tulishauona kwa macho! Makopo yenyewe hayapatikani ovyo, mimi ndiye ninayeyatunza kama mayai.

"Baba watoto, umerogwa? Kamera imeshamaliza kazi."

"Lete moshi," akasema, "na uwaite wote waje chumbani. Watoto pia."

Nikamkata jicho, nikaenda. Nikaziba bomba upande wa barabarani, nikawasha feni pale chembani, nikafungulia kopo langu la moshi huku nikinung'unika. Kisha nikakimbilia ndani, maana hasira zangu hazijawahi kuushinda umbea wangu.

Taratibu alikuwa amemketisha Mama kwenye kiti, amesogeza kitanda, amekunja zulia la plastiki. Sakafuni palikuwa na ufa mwembamba, hata kucha isingepenya. Kinyozi, mkewe na watoto walijipanga ukutani.

Ukatoka. Kwanza uzi mmoja mweupe, halafu ufa mzima ukaanza kufuka, palepale kitanda kilipokuwa kimesimama.

"Harufu imekuwa ikipandia hapa," Taratibu akasema. Hakumwangalia kinyozi wala mkewe, alimwangalia Mama. "Bomba la nyumba nzima limepasuka chini ya kitanda chako. Na kila shuka zikifuliwa, maji yanapita humohumo, yanazidi kuchimba udongo."

Mama akautazama moshi, kisha akajitazama mapajani.

"Kumbe si mimi," akasema.

"Si wewe, Mama."

"Mwanangu, kweli si mimi?"

"Hata siku moja."

Akafunika uso kwa viganja akalia. Mkwewe akapiga magoti, akamkumbatia miguu, naye akaangua kilio. Mjukuu mdogo akawapita wote, akaenda kukaa kwenye paja la bibi yake bila kuulizwa. Mimi nilipangusa macho nikasingizia moshi, ingawa moshi ule hauchomi macho, na mume wangu anajua hauchomi. Hapo ndipo nilipoelewa kopo langu limetumika kwa ajili ya nani. Nilimpenda mwanamume yule upya, pamoja na kiti chake.

Basi tukavunja sakafu, tukachimba, tukakata kipande kibovu, tukaunga bomba jipya la plastiki. Mchanga wa chini tuliushindilia kidogo kidogo, Taratibu akipima mteremko kwa pimamaji, anatoa, anarudia, mpaka nikatamani kumtwanga nayo. Mama alisimamia kazi kutoka mlangoni. "Wewe fundi mwanamke, hapo umeacha bonde," aliniambia, na kweli nilikuwa nimeacha.

Saruji ilipokauka tukarudisha kitanda. Kinyozi akasimama mbele ya mama yake, anavua kofia, anaivaa. "Mama, sasa ile safari ya Jumamosi..."

"Mpigie dada yako," Mama akamkatiza. "Mwambie siji. Na umwambie kwa nini."

Kinyozi akapiga simu, akageukia ukutani. "Dada, Mama haji. Hakuwa yeye..." Akanong'ona, "Lilikuwa bomba. Siku zote hizo lilikuwa bomba."

Mama akainuka, akaenda kufungua dirisha, mabawa yote mawili.

"Paza sauti, baba," akasema. "Majirani nao wasikie."